Bibi Mkorea na Shingo ya Herbert

Nyuma ya duka la dobi mmoja wa Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa Doha, mahali ambapo mvuke wa pasi hutoka ukutani kutwa nzima, kuna kochi la ngozi la watu watatu ambalo hukaliwa na watu wanne na nusu. Familia moja iliyohama ndiyo iliyolitupa, kwa kuwa lilikuwa limevunjika mguu. Wenye akili wakaliwekea tofali badala ya mguu, na tangu hapo limekuwa bunge. Vikao ni jioni ya Alhamisi, watu wakishatoka kazini na kuoga. Kahawa ni ya Bi Faridah, mwenyeji wa Mombasa, mpishi wa chekechea, ambaye hushuka ghorofani na chupa yake ya chai iliyojaa kahawa chungu ya tangawizi, na vikombe vidogo amevifunga kwenye taulo. Sheria ni moja tu: kahawa ikiisha, kikao kimeisha, hata kama mtu yuko katikati ya neno.

Jioni hiyo Herbert alifika amenuna. Herbert ni dereva wa nyumba, mtu wa Bungoma, mrefu, mpole, na kijiweni anaitwa Moja kwa Moja. Jina alilipata kihalali. Akiwa kwenye usukani hageuki. Utampungia mkono, utapiga mluzi, utamwita kwa jina la babu yake, yeye macho yako barabarani. Wengine husema anaringa. Mwenyewe alijihesabia hiyo kuwa sifa, na hakuwa mbali na ukweli, maana mpaka leo hajagonga hata ndoo.

Wa kwanza kumchokoza alikuwa Trevor, mlinzi wa jengo moja kubwa la maduka, Mganda wa Masaka. Kazi yake ni kukaa chumba chenye skrini na kuangalia watu wanaotembea, na ndiyo sababu wakamwita Kamera.

Kamera: Moja kwa Moja, asubuhi umenipita pale kwa mataa. Nimekuita mpaka watu ambao siwajui wameitika.

Herbert: Nilikuwa na abiria.

Kamera: Lakini ssebo, abiria ndiyo anakufunga shingo?

Herbert: Niacheni leo. Nimepewa swali, na jibu linatakiwa kesho asubuhi.

Bi Faridah: Swali la nani?

Herbert: La Bibi.

Bibi huyo kijiwe kizima kilimjua kwa kusikia. Herbert alikuwa na karibu mwaka mzima akiendesha gari la injinia mmoja Mkorea anayekaa Lusail, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kumtembeza mama wa injinia, bibi wa makamo ya juu aliyekuja kukaa na mwanawe baada ya kufiwa na mume. Na Bibi huyu alikuwa na lake. Kila siku ya Mungu alivaa hanbok, vazi la asili la kwao: kikoti kifupi kinachofungwa kwa utepe kifuani, na sketi pana inayoanzia chini ya kwapa ikamwagika mpaka kwenye viatu. Sokoni hanbok, hospitali hanbok, kwenda kuangalia bahari na kurudi, hanbok.

Herbert: Leo namrudisha nyumbani, gari limesimama, hashuki. Akatoa simu, ile inayotafsiri. Akaiambia maneno. Simu ikatoa Kiswahili, sauti kama ya taarifa ya habari: "Je, wageni wana maoni gani kuhusu mavazi yangu ya kila siku?"

Bi Faridah: Nawe ukasemaje?

Herbert: Nikasema nitajibu kesho.

Bi Faridah: Ya Rabi! Mwanamke akuuliza nguo yake yamkaaje, nawe waomba tarehe kama wakili?

Herbert: Ningesema nini? Halafu injinia mwenyewe akanifuata pale kwa maegesho. Akaniambia, Herbert, mama hanisikilizi mimi wala mke wangu. Mke wangu anasema watu wanashangaa, mtoto shuleni ataona aibu. Mama amesema atasikiliza wageni. Ukimwambia mbaya, ataziweka zote kwa sanduku. Kuna mwenzangu anasafiri kesho usiku kwenda Korea, atazibeba.

Kamera: Basi si zibebwe? Atavaa zingine.

Herbert: Mkwe wake ameshamnunulia suruali. Proscovia, yule dada wa kwenu anayefanya kazi humo ndani, ameniambia siku alizovaa suruali hakutoka nje. Alikaa chumbani, pazia limefungwa, chakula akaacha. Na sanduku liko wazi juu ya kitanda tangu juzi.

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, lakini yalimuuma. Alimpenda yule Bibi. Alipenda anavyoimba polepole kiti cha nyuma, wimbo usio na mwisho. Alipenda anavyomenya tunda, akalikata vipande, akampitishia kwenye kikopo pamoja na kijiti, bila neno, wakati wa foleni. Katika miaka yake yote ya udereva, hakuna bosi aliyewahi kummenyea kitu.

Herbert: Mama mwenyewe hana baya. Wiki iliyopita alinipa plasta za shingo, zile za kubandika, zinanukia dawa ya kuchua.

Kamera: Shingo inakuuma?

Herbert: Hapana. Nilipokea kwa heshima tu.

Aliyecheka zaidi alikuwa Ronnie wa Kayole, kijana anayepeleka chakula kwa pikipiki. Ronnie huangalia tamthilia za Kikorea hata akiwa anasubiri oda ya kuku, na ndiyo maana anaitwa Oppa, kama wanavyoitwa vijana watanashati humo ndani.

Oppa: Buda, umeingia box, umenaswa! Kwa series, mama akikupa dawa na hujaumwa, ujue ushakuwa family. Next ni supu.

Wakacheka, plasta zikasahaulika. Bi Faridah akamimina mzunguko wa kwanza.

Kamera: Tuanze na mwanzo. Wageni ni nani? Mimi mgeni. Wewe mgeni. Mama mwenyewe mgeni. Hapa hata nyasi za bustani zimekuja na viza.

Bi Faridah: Basi wageni ndio sisi. Kaulizwa Herbert, tumeulizwa sote.

Hapo kila mtu akakaa vizuri. Si jambo la kila siku mtu wa kochi lile kuombwa maoni. Kazini huombwa kitambulisho, na nyumbani huombwa simu mpya.

Kamera: Mimi naongea kama mtu wa usalama. Nguo ile ni hatari. Sketi ya upana ule, kwenye skrini huoni miguu. Mtu anakuja anateleza tu, kama toroli. Sisi tumefundishwa, mtu mwangalie miguu. Uso unadanganya, miguu haidanganyi.

Bi Faridah: Na buibui? Miguu yaonekana?

Kamera: Buibui nimezoea.

Bi Faridah: Basi zoea na hiyo.

Kamera: Lakini wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na huyo mama kila siku anatembezwa.

Herbert: Chunga mdomo wako, Trevor.

Kijiweni, ukiitwa kwa jina la cheti chako, ujue umevuka mpaka. Kamera akanyanyua mikono yote miwili.

Kamera: Banange! Mimi sikutukana mama. Nimetoa methali tu, haikuwa na mtu.

Oppa: Wasee, tulieni, hii maneno mimi ndio nimeisomea. Hata huko kwao hiyo hanbok siku hizi ni ya harusi na sikukuu. Watalii wanakodi, wanapiga picha, wanarudisha. Hakuna mtu anavaa akienda kununua vitunguu. Sasa ukiona mtu anaivaa daily, kwa series, ni moja kati ya mbili. Ni malkia ama ni mzimu.

Herbert: Bibi anapiga chafya. Mzimu hupiga chafya?

Oppa: Basi ni malkia. Si mambo yamejipanga?

Bi Faridah: Nyote mwasema upuzi. Nguo hiyo mie naijua. Nimeiona kwenye simu ya Ronnie. Hewa yaingia, hewa yatoka, mwili hauonekani, na ukiketi yajaza kiti. Hilo ni dera. Wamelikata kifua, wakalitia utepe, wakaliita la Kikorea.

Oppa: Bi Faridah! Korea na Mombasa ni wapi na wapi?

Bi Faridah: Wewe wadhani bandari ilijengwa jana? Mkorea mmoja alishuka melini zamani hizo, akaona wanawake wanavyopepea Jumamosi jioni, moyo ukamwenda mbio. Akarudi kwao akamwambia mkewe, shona. Mwacha mila ni mtumwa, lakini mwizi wa mila ni fundi.

Kamera: Hiyo ya mwisho si methali.

Bi Faridah: Itakuwa. Zote zilianza na mtu.

Mzunguko wa pili ulimiminwa. Ndani ya duka dobi aliguna, akabonyeza pasi yake, mvuke ukatoka ukutani ukawapitia miguuni. Herbert alikuwa anasikiliza kila mtu kwa makini, kama mtu anayeelekezwa njia na watu watatu kwa wakati mmoja.

Kamera: Mimi nasema hivi. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mama avae abaya kama wenye nchi, khalas, hakuna atakayeshangaa.

Bi Faridah: Wenye nchi wamemtaka avae?

Kamera: Hapana.

Bi Faridah: Wamemkataza nguo yake?

Herbert: Nani amkataze? Juzi pale sokoni, mama mmoja wa Kiqatari alimsimamisha Bibi. Nikadhani kuna shida. Kumbe anataka kujua ule utepe unafungwa vipi. Nilisikia wanacheka wote wawili mpaka wanakohoa.

Kamera: Uliona alivyoufunga?

Herbert: Nilisikia.

Hakuna aliyelishika neno hilo. Oppa alikuwa tayari ameshaondoka na jingine.

Oppa: Swali. Kamera, wewe ukipewa hanbok ya kiume, utavaa?

Kamera: Wapi?

Oppa: Kila mahali. Job, dukani, kwa kinyozi.

Kamera: Kazini siwezi, kuna yunifomu. Kampuni ilinichagulia shati, ikanichagulia suruali, ikanichagulia na soksi. Soksi, banange! Nani anaona soksi?

Oppa: Mimi nami ni hii jaketi. Nikiivua hata paka wa mtaa hanitambui.

Herbert: Mimi shati jeupe.

Bi Faridah: Basi mmesikia? Nyinyi wanaume watatu, hakuna hata mmoja aliyevaa alichokipenda, na ndio mwamhukumu aliyependa.

Kamera akawahi kubadilisha mada.

Kamera: Nimepata! Hii ni kazi ya serikali yao. Wanawalipa mabibi. Wewe bibi nenda Doha, wewe bibi nenda Kampala, vaa, tembea, watu waulize hii ni nini. Ni tangazo linalotembea! Na jioni wanapiga simu: leo umeonwa na watu wangapi?

Oppa: Si serikali, ni ukoo. Nakuambia huyo ni malkia alifichwa. Hilo sanduku unadhani ni la nguo? Chini ya nguo kuna muhuri wa ufalme. Mkwe ndiye adui. Mkwe ndiye anataka sanduku lipande ndege! Kesho Herbert akisema nguo ni mbaya, ufalme umeenda.

Herbert: Na nikisema ni nzuri?

Oppa: Unapewa mkoa.

Herbert alicheka bila kutaka. Lakini Bi Faridah aligonga kifuniko cha chupa, ishara kwamba kahawa imeshuka chini ya nusu na bunge lazima liamue.

Bi Faridah: Haya. Jibu la wageni. Mie nasema nguo ni nzuri, avae.

Kamera: Ni nzuri, ila ipunguzwe upana, kwa ajili ya kamera.

Oppa: Na asivae giza likiingia, kwa ajili ya wale wanaoogopa mizimu.

Bi Faridah: Na akiri kuwa ni dera.

Kamera: Na kama analipwa, aseme.

Herbert alirudia kwa kunong'ona, akikunja vidole: nzuri, upana, giza, dera, aseme. Alijua moyoni kwamba hilo si jibu la kumpelekea mtu ambaye sanduku lake liko wazi. Lakini hakuwa na jingine.

Ndipo alipokuja Milcah. Ni muuguzi, binti wa Kisii, mgeni hata kwa wageni. Alikuwa amefika mjini mwezi huo huo na kupanga kitanda kwa Bi Faridah. Alikuwa na nguo zake za kazi na mkoba begani, na kilichomleta ni ufunguo.

Milcah: Hamjambo nyote. Anti, naomba ufunguo, wenzangu wamefunga mlango wakatoka.

Bi Faridah: Keti kwanza mwanangu, unywe. Twaamua jambo zito.

Akakaa kwenye mkono wa kochi. Bi Faridah akamweleza kwa ufupi, ufupi wa kipwani: Bibi, hanbok, mkwe, suruali, sanduku, na jibu la kesho asubuhi. Oppa akamwonyesha picha kwenye simu. Milcah akaivuta karibu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike mtaani.

Milcah: Kumbe ni nzuri hivi! Mimi napenda nguo, mniache tu. Leo alikuwa amevaa ya rangi gani?

Wote wakamgeukia Herbert.

Herbert akafungua mdomo. Akaitafuta siku yake tangu asubuhi. Akaipata foleni ya barabara ya Lusail. Akalipata lori la maji lililokuwa mbele yake, na kibandiko kilichochanika nyuma yake. Akapata sauti ya sketi ikiingia garini, ule mchakacho wa kitambaa kingi kikikusanywa ili mlango ufungwe. Akapata harufu ya tunda na wimbo usio na mwisho. Rangi hakuipata.

Herbert: Ilikuwa... nyeupe. Hapana.

Oppa: Buluu?

Herbert: Sijui.

Kamera: Ya jana, basi.

Herbert: Sijui.

Kamera: Ssebo, umemwendesha mwaka mzima!

Herbert: Naendesha. Naangalia barabara.

Milcah: Na ukimfungulia mlango?

Herbert: Naangalia chini.

Kamera: Kwani gari halina kioo?

Herbert: Kiko. Nimekigeuza juu.

Ikabidi aeleze. Kabla ya injinia, Herbert alikuwa ameendesha miaka mingi kwenye nyumba ya Waarabu, na siku ya kwanza kabisa dereva mkubwa wa nyumba ile alimkalisha ndani ya gari, akanyoosha mkono, akakisukuma kioo cha kati mpaka kikatazama dari. Akamwambia, hiki ni cha magari, si cha wanawake. Nyuma kuna mama na mabinti wa watu. Tumia vya pembeni. Mlango fungua ukitazama viatu vyako. Ukiulizwa jambo, jibu ukitazama mbele. Herbert akashika, na nyumba ile ikampenda kwa hilo mpaka siku wanaondoka. Alipofika kwa Mkorea, kitu cha kwanza alichofanya ni kukigeuza kioo.

Herbert: Ni adabu. Dereva mwenye adabu hamwangalii mama wa watu.

Milcah: Ni kweli. Na yeye anajua kwamba hiyo ni adabu?

Alimuuliza kwa wema tu, kama anavyomuuliza mgonjwa mahali panapouma. Herbert akamtazama Bi Faridah. Bi Faridah akaitazama chupa. Kamera, ambaye ana maoni juu ya kila kitu kinachotembea, akawa anachunguza soksi zake. Oppa akazima simu.

Bi Faridah: Zile plasta, Herbert.

Herbert: Ndiyo.

Bi Faridah: Aliona hugeuki. Akadhani waumwa.

Herbert: Ndiyo.

Bi Faridah: Ukazichukua, ukasema ahsante, na bado hukugeuka. Wiki iliyopita alidhani ni shingo, mwanangu. Wiki hii hadhani tena.

Herbert aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Miezi yote hiyo mtu anavaa, anafunga utepe, anatoka, na wa kwanza kumwona, na siku nyingine wa pekee, anainamia viatu vyake. Anaingia garini, kioo kinatazama dari. Wageni waliotajwa na simu kwa sauti ya taarifa ya habari hawakuwa watu wa sokoni wala wa shuleni. Alikuwa yeye.

Kamera: Sasa kesho utamjibu nini?

Bi Faridah aliinamisha chupa juu ya kikombe cha Milcah. Yakatoka matone, kisha hewa. Hakuna aliyedai kwamba bado; wakasimama, wakakung'uta nguo zao, bunge likavunjika bila azimio.

Gari la injinia lilikuwa limeegeshwa upande wa pili wa barabara. Herbert akaingia, akakaa kidogo mikono ikiwa mapajani. Kisha akakishika kioo, akakivuta chini. Kilikuwa kigumu kwa kukaa. Kiti cha nyuma kikaonekana chote, na hapo akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: mto mdogo wa maua, ambao Bibi alijiletea mwenyewe kutoka nyumbani, Mungu ndiye ajuaye tangu lini.

Bunge halikai Ijumaa, lakini Ijumaa hiyo lilikaa. Bi Faridah aliteremka na chupa kabla jua halijazama vizuri. Kamera alikuwa amebadilishana zamu. Milcah alikuja bila kisingizio cha ufunguo. Herbert alipotokea kwenye kona walimsogezea nafasi ya katikati, ile isiyo na spring, ambayo hupewa mtu mwenye habari.

Oppa: Leta, leta!

Herbert: Nilisimama pembeni ya mlango wa gari, kama kawaida. Akatoka.

Kamera: Ukamwangalia?

Herbert: Nilimwangalia. Shingo ilikuwa nzito, unadhani nimebeba ya mtu mwingine.

Bi Faridah: Ukampa jibu la bunge?

Herbert: Nilisahau lote.

Oppa: Hata ya malkia?

Herbert: Lote. Nikachukua simu yake, nikaiambia rangi. Nikasema, leo umevaa kijani cha ndizi mbichi, na utepe mwekundu, na huku mikononi kuna maua madogo meupe yameshonwa kwa uzi. Simu ikamwambia.

Bi Faridah: Naye?

Herbert: Alinitazama, akageuka, akarudi ndani. Mlango ukafungwa.

Kamera akajishika kichwa.

Kamera: Banange, umeharibu! Angalau ungesema kidogo tu kuhusu upana.

Herbert: Hata mimi nilijua nimeharibu. Nikabaki nimesimama. Proscovia akachungulia dirishani, akanionyesha kwa mikono: sanduku. Nikamwelewa, nikasema basi, imekwisha, anafunga.

Milcah: Akafunga?

Herbert: Nilikaa pale mpaka jua likanifikia. Mlango ukafunguka. Bibi akatoka.

Oppa: Na suruali?

Herbert: Na hanbok nyingine. Ametoa kwa sanduku, ina mikunjo bado. Akaja akasimama mbele yangu, pale pale, kikoti amekinyoosha vizuri, simu mkononi. Anangoja.

Bi Faridah alikuwa amekamata kifuniko cha chupa na hakumbuki alichotaka kukifanyia.

Milcah: Ya rangi gani?

Na Herbert, mtu wa Bungoma, mtu wa maneno ya kuhesabika, akaanza kueleza. Ya pili ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, sketi yake imekolea kuliko kikoti, utepe wa buluu ya usiku. Akaeleza pindo lake. Akaeleza jinsi Bibi alivyosikiliza, akaitikia kwa kichwa mara moja, akaingia tena ndani, na jinsi Proscovia dirishani alivyokuwa anapiga makofi kimya kimya. Wakauliza, akajibu, Bi Faridah akataka kujua kola, Kamera akataka kujua kama miguu ilionekana. Kahawa ikaisha Herbert akiwa kwenye ya tatu. Chupa ikatoa hewa, kila mtu akaisikia, na hakuna aliyesimama.